Gitaa la Besi la Mama Praygod

Kila Jumamosi Avni alifungua duka la babu yake pale Njoro, mjini Moshi. Aliinua shata la mlango, akafagia kizingiti, kisha akapangusa vumbi kwenye magitaa yaliyoning'inia ukutani. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, darasa la saba, na kazi hiyo aliipenda. Aliyemchosha alikuwa mteja mmoja tu. Jumamosi hiyo, kama Jumamosi tatu zilizotangulia, mteja huyo aliingia saa nne kamili, amevaa kitenge na mabuti ya mvua.

"Shikamoo, Mama Praygod," Avni alisema, huku moyoni akisema, huyu tena!

"Marahaba, mama. Nimekuja kuyaangalia tena yale magitaa."

Mama Praygod alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama huko Old Moshi. Walitafuta gitaa la besi lisilohitaji umeme, kwa sababu huimba misibani na majumbani, katikati ya migomba, ambako hakuna pa kuchomeka spika. Dukani yalikuwepo manne ya namna hiyo. Jeusi na jeupe alikuwa ameyapakata mpaka Avni akapoteza hesabu; mengine mawili hakuwa ameyagusa. Alifumba jicho moja, akachungulia shingo ya gitaa kama anayelenga ndege kwa manati. Alipiga uzi mnene, dum, akatega sikio. Kisha yakaanza maswali.

"Hili jeusi mbona sauti yake kama ya mtu mwenye mafua?"

"Ni jembamba, mama. Husikika vizuri zaidi likiwekewa spika."

"Spika nitaitoa wapi? Na hili jeupe, mbona nyuzi ziko juu hivi? Vidole vitatoka damu."

"Zinaweza kushushwa."

"Zikishushwa hazitakwaruza?"

Avni alivuta pumzi. Swali hilo alilijibu Jumamosi iliyopita, na ile ya kabla yake.

Babu yake, Mzee Prakash, angekuwepo angejibu bila kuchoka. Lakini asubuhi hiyo alikuwa amekwenda hospitali kupimwa macho. Kabla ya kuondoka aliacha agizo moja: "Lile jekundu usiliuze. Daraja lake limeanza kuachia. Nitalitia gundi Jumatatu." Daraja ni kile kibao kidogo kilichogandishwa kwenye tumbo la gitaa ili kishike nyuzi. Likiachia, gitaa halipigiki.

Na Mama Praygod, kama kwa makusudi, akalipakata lile jekundu. Dum! Sauti nene ikajaa duka zima. Uso wake ukakunjuka.

"Hili sasa lina sauti! Bei gani?"

"Laki tatu. Lakini..." Avni akasita.

"Laki tatu ndizo tulizonazo, za kuuza ndizi mwaka mzima. Lakini nini? Niambie ukweli, mwanangu. Lina kasoro?"

Ilikuwa karibu saa sita. Wateja wawili walikuwa wamesubiri wakachoka, wakaondoka. Tumbo la Avni lilikuwa likinguruma. Akiambiwa kuna kasoro, mama huyu ataanza upya na lile jeusi, tena kuanzia shingoni.

"Halina, mama. Chukua tu."

Mama Praygod akalipa, akalifunga gitaa kwa khanga kama mtoto mchanga, akaondoka akiimba kwa sauti ya chini. Avni akashusha pumzi. Hatimaye!

Raha hiyo haikumaliza hata saa moja. Mzee Prakash aliporudi, aliutazama ukuta, kisha akamtazama mjukuu wake.

"Jekundu liko wapi?"

"Nimemuuzia Mama Praygod."

"Ulimwambia kuhusu daraja?"

Avni angeweza kusema ndiyo. Neno lilikuwa ulimini. "Hapana, Babu. Aliniuliza kama lina kasoro, nikasema halina. Alikuwa ananisumbua mno!"

Mzee Prakash hakugomba. Alisema tu, "Kesho tunapanda Old Moshi."

Jumapili walipakia magitaa matatu yaliyobaki kwenye pikapu, wakapanda mlima kwa barabara iliyojaa tope. Walifika wakati watu wanatoka kanisani. Nje ya ukumbi akina mama walikuwa wamemzunguka Mama Praygod. Gitaa jekundu lilikuwa mapajani mwake, nyuzi zimelegea, daraja limeng'oka pamoja na kipande cha mbao.

"Mwezi mzima unachagua, ndiyo umechagua hili?" mama mmoja aliyeitwa Grace alifoka. "Ndizi zetu zote!"

"Nisameheni," Mama Praygod alijibu, ameinama. "Nadhani nilikaza nyuzi kupita kiasi. Binti wa dukani aliniambia ni zima, basi kosa litakuwa langu."

 Avni alitamani kurudi kwenye pikapu. Badala yake akapenya katikati yao.

"Shikamooni. Kosa si lake. Nilijua kwamba daraja linaachia. Aliniuliza, nikamdanganya, kwa sababu nilichoka na maswali yake. Nisamehe, Mama Praygod."

 Mzee Prakash akatoa bahasha. "Fedha yenu hii hapa, yote. Na mkitaka kuchagua tena, nimekuja na mengine. Avni ndiye atakayewasaidia, hata kama tutakaa mpaka jioni."

Ikawa balaa. Jumamosi mchaguzi alikuwa mmoja. Sasa walikuwa kumi na wanne. Huyu anataka jeusi kwa sababu linang'aa, yule anasema rangi hailii. Grace alitaka jeupe, tena upesi. Avni alikaribia kupiga kelele. Lakini safari hii alilichukua lile jeupe, akafumba jicho moja, akachungulia shingo yake kwa makini. Shingo ilikuwa imepinda. Akabonyeza nyuzi na kupiga: zikakwaruza.

"Mama Praygod alikuwa na haki ya kuuliza," alisema. "Hili nyuzi zikishushwa zitakwaruza zaidi. Msilichukue."

Likabaki la kahawia, la mtumba, lililojaa mikwaruzo, ambalo hakuna aliyelitazama mara mbili. Shingo yake ilikuwa imenyooka. Avni alilikagua daraja kwa kucha pande zote. Halikuacha nafasi hata ya karatasi. Nyuzi zilikuwa laini vidoleni. Dum! Sauti ilikuwa pana na safi, nao akina mama wakaanza kuitikia bila kuambiwa.

"Bei?" Mama Praygod aliuliza.

"Laki mbili na nusu. Kasoro yake ni mikwaruzo hii, na uzi mwembamba umechakaa. Tutawapa mwingine bure."

"Aika mbe," Mama Praygod alimshukuru Mzee Prakash kwa Kichagga. Kisha akamshika Avni begani. "Nawe asante, mwanangu. Ila huo uzi mpya utakaa miezi mingapi?"

Wote wakacheka, hata Avni.

Walipokuwa wakishuka kuelekea mjini, Avni alisema, "Babu, kweli yule mama anachosha."

"Anachosha sana," Mzee Prakash alikubali. "Hata mimi hunichosha. Kuchoka si kosa, Avni. Ungemwambia, 'Mama, nimechoka, msubiri babu,' asingekasirika. Lakini uchovu haumpi mtu ruhusa ya kudanganya. Mtu mwenye fedha kidogo huuliza sana kwa sababu akikosea hana nyingine. Ukimjibu ukweli, umemlinda yeye na jina lako pia. Ukimdanganya ili aondoke upesi, umeona mwenyewe: wewe umepata saa moja ya raha, yeye akabeba lawama ya kijiji kizima."

 Jumatatu baada ya shule Avni alikaa na babu yake, akajifunza kugandisha daraja la gitaa jekundu.