Kifua cha Ubah Si Kibuyu

Ubah alikuwa na kazi yake. Ng'ombe wakirudi jioni, yeye ndiye aliyewakimbiza ndama hadi zizini. Alikuwa na miaka saba, na kwa mbio hakuna mtoto aliyemuweza.

Lakini Ubah alikuwa na pumu. Vumbi likizidi, kifua kilimbana. Baba yake, Adano, aliuza fahali akanunua nebulaiza. Hiyo ni mashine ndogo inayogeuza dawa ya maji kuwa ukungu. Mgonjwa huvaa kinyago na kuuvuta ukungu huo hadi mapafuni.

Bibi Darmi, mama yake Adano, hakuiamini dawa ile.

"Vichupa vya maji matupu!" alisema. "Haina rangi, haina harufu. Dawa gani hiyo?"

"Mama, ameiandika daktari," alijibu Abdia, mama yake Ubah.

"Haya. Nyinyi ndio mnaojua."

Siku moja dawa ilikwisha. Abdia akaenda mjini Garsen kuchukua nyingine. Alimwacha Ubah na bibi yake.

Mchana Ubah alisema, "Bibi, kifua kinanibana."

Bibi alimpenda Ubah kuliko macho yake. Hilo ndilo linalouma. Saa ile alikuwa akifukiza vibuyu vya maziwa kwa vijiti vya mti fulani vinavyowaka, kama wafanyavyo wanawake wa wafugaji. Moshi wa mti ule husafisha kibuyu, maziwa yasiharibike upesi. Bibi akawaza: mti unaosafisha kibuyu utashindwaje na kifua?

Akachemsha magome ya mti huo. Akayachuja kwa leso, akatia mafuta ya habasoda. Akamimina kwenye kikombe cha mashine, akamvisha Ubah kinyago.

"Vuta, mama. Vuta upone."

Ubah akavuta. Akakohoa sana. Akataka kuvua kinyago.

"Vumilia," alisema bibi, akakishikilia.

Abdia aliporudi, midomo ya mtoto ilikuwa na rangi ya majivu. Akapiga yowe. Jirani yao Mwanaarusi, mhudumu wa afya wa kijiji, akaja mbio. Akanusa kikombe.

"Mmetia nini humu? Ya Rabi! Iteni bodaboda, sasa hivi!"

Dawa ilikuwa mkononi mwa Abdia. Kikombe kilikuwa kimejaa mafuta.

Ubah alilazwa hospitalini kwa muda mrefu. Mafuta na maji ya magome yaliingia mapafuni, mapafu yakavimba. Alirudi nyumbani amekonda, na pumzi fupi. Mwanaarusi akaja kumjulia hali.

"Habasoda tunainywa kila siku," bibi alimwambia. "Imemdhuru vipi?"

"Unaipeleka tumboni, bibi. Pafu si tumbo. Mafuta yakiingia huko, hayatoki kwa urahisi."

"Mimi nilitaka kumsafisha kifua."

"Kibuyu unakisugua, unakisuuza, unakianika. Pafu la mtoto utalisugua na nini?"

Bibi akaileta mashine, akaiweka mbele ya Mwanaarusi.

"Mashine hii ni ya dawa ya daktari peke yake," Mwanaarusi aliendelea. "Si mafuta, si mitishamba, si maji ya mtungi. Ukimaliza, osha kikombe kikauke. Dawa ikiisha na kifua kinabana, msingoje. Mkimbizeni hospitali. Na moshi uwe mbali naye."

Siku hizi Abdia huchukua dawa mpya kabla ya ile ya zamani kuisha. Vibuyu hufukizwa mbali na nyumba. Ubah hajalazwa tena, alhamdulillahi.

Jana jirani mwingine, Dama, alikuja na majani ya mwarobaini.

"Niazime mashine, Bibi Darmi. Mwanangu anakohoa."

"Nikuazime ufanye niliyofanya mimi?" bibi alifoka. "Mpeleke mtoto kwa daktari! Hebu mtazame Ubah."

Ubah alikuwa ameketi penye mlango wa zizi. Ndama mmoja akachomoka. Ubah akamwita kwa jina, lakini ndama hakugeuka. Bibi Darmi, na miguu yake mibovu, akachukua fimbo akaenda kumfuata.