Chiriku na Matembezi ya Jumamosi

Fundi cherehani alikuwa na duka la vyumba viwili. Chumba cha mbele kilikuwa na cherehani, meza ya kukatia na kioo kirefu. Chumba cha nyuma kilikuwa na pasi, vitambaa, na binti yake wa kwanza.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na tisa. Alizaliwa na hali iitwayo Down. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa sababu akianza kusimulia habari, chai hupoa vikombeni. Alijua kupiga pasi, kukunja nguo na kushona vifungo visivyong'oka. Lakini mteja akiingia, Fundi alishusha pazia, na Chiriku alinyamaza.

Fundi hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mwanawe kama mboni ya jicho. Aliogopa maneno ya watu, basi. Tena alikuwa na kosa moja, na kwa fundi ni kosa kubwa. Alimpima kila mtu ila binti yake. Nguo za Chiriku alizikata kwa kukisia, pana kama magunia, mikono ikifunika vidole. Aliona heri zimfiche.

Siku moja muuguzi wa zahanati alikuja na kitambaa cha njano, akaagiza vizibao thelathini. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo kutakuwa na matembezi hadi uwanja wa mpira. Watu wenye Down watatangulia, na jamaa na majirani watawafuata. Fundi aliuliza ya nini kuwatembeza watu juani.

"Tunawashangilia," alisema muuguzi. "Na mzazi aliyedhani yuko peke yake ataona kwamba tuko wengi."

Pazia likasogea. Chiriku alitoa kichwa, akakitazama kile kitambaa cha njano. Muuguzi alimsalimu, akamuuliza kama angependa kutembea nao. Fundi akadakia kwamba huyo hapendi kutoka.

"Nimemuuliza yeye, fundi," alisema muuguzi kwa upole. "Mpe nafasi. Jibu lake linakuja."

Wakangoja. Fundi alitaka kusema tena, akajizuia.

"Nataka kwenda," alisema Chiriku. "Nipime, baba."

Fundi alichukua utepe. Alimpima mabega, kiuno, kisha mikono. Mikono ilikuwa mifupi zaidi kuliko alivyokisia miaka yote. Fundi alijisikia vibaya, akamwomba mwanawe radhi. Halafu akamuuliza muuguzi jambo lililomkaa moyoni miaka kumi na tisa. Je, kosa lilikuwa lake au la mkewe?

"Si kosa la mtu," alisema muuguzi. "Si laana, wala hali hii haiambukizi. Ndani ya chembe za mwili mna nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu. Wengi wetu tunazo arobaini na sita. Chiriku anazo arobaini na saba. Anajifunza polepole, lakini anajifunza."

Kisha alimshauri amlete zahanati kupimwa moyo, macho na masikio. Wenye Down huweza kupata shida hapo, na nyingi hutibika zikijulikana mapema. Fundi alimpeleka kesho yake.

Jumamosi ilipofika, barabara ilikuwa njano tupu. Bendi ya shule ilipiga, na watu walitoka madukani kushangilia. Chiriku alikuwa mstari wa kwanza, na gauni lake jipya limemkaa sawasawa. Fundi alitembea pembeni kabisa, karibu na mtaro, kofia imeshuka hadi machoni. Chiriku alimwona. Akamwendea, akamshika mkono, akamvuta katikati ya barabara.

Mwalimu mmoja, mteja wake wa siku nyingi, akawasogelea. Alimuuliza Fundi huyu binti ni nani. Fundi alifungua kinywa. Kisha akakifunga, akangoja.

Chiriku hakuwa na haraka.

"Mimi ni binti yake wa kwanza," alisema. "Na huyu ni baba yangu. Ana haya kidogo, lakini atazoea."

Mwalimu aliangua kicheko. Fundi alicheka kuliko wote, huku machozi yakimtoka, na hakuyafuta. Tangu Jumatatu iliyofuata, Chiriku hukaa chumba cha mbele, na ndiye anayepokea wateja. Wengine humuulizia yeye kabla ya kumuulizia baba yake.