Jiwe la Dirishani

Kila siku shule ilipofunga, Avni alipanda basi hadi katikati ya jiji, akapanda ngazi ndefu, akaketi kwenye stuli katika karakana ya baba yake hadi jioni. Baba yake, Bwana Navin, alikuwa mkata vito. Gurudumu lake la kukatia mawe lilikuwa na kelele, basi hata mazungumzo hayakuwezekana. Mama alikuwa Mombasa tangu Januari akimuuguza nyanya. Nyumbani kwao, mtaa wa Satellite, saa ya ukutani pekee ndiyo iliyompigia Avni soga.

Na shuleni? Huko ndiko kulikouma zaidi. Avni alikuwa mgeni katika darasa la sita, na hakuna aliyemchokoza. Afadhali hata angechokozwa! Walimpita tu kama mtu apitavyo mlingoti wa stima. Ni Munyiva peke yake, mwenzake wa dawati, aliyemwambia kila asubuhi, "Sasa, Avni?" Naye Avni, kwa haya, alijibu "Poa," akainamia kitabu.

Jumanne moja aliona jiwe jipya kwenye meza ya dirishani, pale karakana. Lilikuwa dogo kama punje ya mahindi, kijani kama majani ya chai baada ya mvua. Wenzangu wakiliona hili watanijua, aliwaza. Baba alipokwenda kunawa mikono, Avni alilifunga jiwe kwa karatasi, akalitia mfukoni. Ala! Mtoto wa mkata vito kumwibia mkata vito! Alijiambia kwamba anaazima tu. Na mwizi yupi hajawahi kujiambia hivyo?

Siku iliyofuata, wakati wa mapumziko, alilifungua uwanjani juani. Kundi zima likamzingira.

"Leta nione!"

"Ni glasi tu hiyo."

"Glasi gani? Hebu angalia vizuri!"

Kwa dakika kumi, Avni hakuwa mgeni wa mtu. Munyiva ndiye aliyelishika mwisho. Alilifunga tena katika karatasi, akamrudishia. "Liweke vizuri lisipotee," akamwambia.

Alasiri hiyo Avni alijipenyeza katika chumba cha ndani cha karakana, kile kisicho na dirisha. Akawasha balbu, akafungua karatasi ili alitie jiwe kwenye droo baba alimowekea mawe yake.  Jiwe halikuwa kijani. Lilikuwa jekundu, rangi ya damu ya mzee.

Nani alilishika mwisho? Munyiva! Kumbe kikulacho ki nguoni mwako, Avni aliwaza kwa uchungu. Akalitia jiwe kwenye droo bila kumwambia baba neno.

Asubuhi Munyiva alikuja na salamu yake ile ile. "Sasa, Avni?"

"Rudisha jiwe langu, mwizi wewe!"

Darasa zima likageuka. Mwalimu Kilonzo alikuja, akasikiliza, akaumwaga mkoba wa Munyiva mezani. Vilitoka vitabu, kalamu na kiazi kitamu cha kula saa nne. Watoto walikicheka kile kiazi.

"Mimi sikuchukua kitu, mwalimu," Munyiva alisema.

"Kesho uje na mzazi."

Munyiva aliokota vitu vyake kimoja kimoja, akahamia dawati la nyuma. Avni akabaki na dawati la watu wawili peke yake. Siku ilikuwa ndefu, jamani. Alidhani angefurahi, lakini alijiona mpweke kuliko siku ile ya kwanza.

Alipofika karakana, aliisukuma chai kando. Akapasua mbarika. "Baba, nilichukua jiwe la dirishani nikalipeleka shuleni. Wakalibadilisha. Lililo kwenye droo si lako."

Bwana Navin alizima gurudumu. Hakufoka. Alitoa jiwe kwenye droo, akamshika Avni mkono hadi dirishani. Jiwe likawa kijani! Akamrudisha kwenye balbu, likawa jekundu. Dirishani tena, kijani. Avni akaangua kilio.

"Ndani ya jiwe hili mna chembe chache za madini yaitwayo vanadiamu," baba alieleza. "Kila chembe imezingirwa na majirani, chembe za oksijeni, zinazoibana kila upande. Jinsi inavyobanwa ndiyo huamua imeze mwanga upi na iachie upi. Hizi huachia kijani na nyekundu. Jua lina kijani cha kutosha, na balbu imejaa wekundu. Ukiitia chembe hiyo hiyo katika jiwe jingine, kwa majirani wengine, hutoa rangi nyingine kabisa."

"Utaniadhibu, Baba?"

"Adhabu yako iko shuleni. Uliyemwaibisha mbele ya watu huwezi kumwomba radhi kichochoroni."

Ijumaa walikwenda pamoja. Mama Munyiva alikuwa tayari mlangoni. Alikuwa amefunga kibanda chake cha kusukia nywele pale Kenyatta Market ili aje kuitwa mzazi wa mwizi. Avni alisimama mbele ya darasa.

"Munyiva hakuniibia; jiwe lenyewe hubadilika rangi. Aliyeiba ni mimi, kwa baba yangu. Nilimwita mwizi bila hata kumuuliza. Nisamehe, Munyiva. Nisamehe, Mama."

Bwana Navin akampa Munyiva jiwe. "Wewe ndiwe uliyesingiziwa, kwa hiyo uone wa kwanza." Munyiva alilitazama dirishani, kisha akaliingiza ndani ya kabati lenye giza na kulimulika kwa tochi ya balbu aliyopewa na Bwana Navin. Macho yakamtoka: lilikuwa jekundu.

"Hata mimi nimekosa," Mwalimu Kilonzo alisema. "Niliumwaga mkoba kabla ya kuuliza."

Mama Munyiva aliwatazama mwalimu na Avni, mkubwa na mdogo. "Jiwe ni lile lile, mwanga ndio uliobadilika. Siku nyingine mkimwona mwenzenu amegeuka rangi, mpelekeni dirishani kwanza kabla hamjamwita mwizi. Na wewe, Avni, kama ulitaka rafiki, si ungeitikia salamu tu? Salamu haihitaji kito."

Siku hiyo Munyiva alibaki dawati la nyuma, na Avni hakumlaumu.

Jumatatu Avni alifika mapema, akaenda hadi dawati lile la nyuma.  Kwa mara ya kwanza alianza yeye.

"Sasa, Munyiva?"

 Munyiva akauvuta mkoba wake kutoka nafasi iliyokuwa wazi pembeni yake, akaupachika chini ya dawati.

"Poa," akajibu. "Kaa."