Rehali ya Al-Dirah

Rehali ilikuwa haipo. Msahafu uliokuwa juu yake ulikutwa kwenye rafu ya juu kabisa, umefungwa vizuri ndani ya kipande cha leso safi.

Hivyo ndivyo Inspekta Badr alivyoukuta ukumbi wa makumbusho ya Al-Dirah, Riyadh. Ni nyumba ya udongo iliyokarabatiwa juzijuzi tu, nchi ilipoanza kuwafungulia watalii milango. Majambia ya fedha yalikuwepo. Mabirika ya shaba yalikuwepo. Mwizi alichukua ubao mkuukuu, fedha akaiacha.

"Mwizi tumeshamkamata," alisema mkurugenzi, Daktari Wael. "Msafishaji. Watu wameenda kuswali alasiri, yeye kabaki peke yake humu. Halas. Kesho jioni wageni wakubwa wanakuja kuufungua ukumbi rasmi. Nataka kitu changu."

Msafishaji mwenyewe alikuwa ameketi sakafuni kando ya ndoo yake, pingu mikononi. Aliitwa Nekesa, mtu wa Bungoma. Ndiyo dunia ilivyo. Kikipotea kitu cha wakubwa, wa kwanza kukamatwa ni mwenye ufagio.

Badr alimwinamia, akasema naye Kiswahili. Mama yake inspekta alizaliwa Ng'ambo, Unguja, na ndiyo lugha aliyomlelea mwanawe huko Jeddah.

"Umekichukua?"

"Sikuchukua, bosi."

"Ulikuwa ukifanya nini?"

"Kudeki. Wakienda kuswali ndiyo naambiwa nideki, juu mimi siswali nao. Nilikuwa chumba cha nyuma."

"Unajua ukipatikana na hatia itakuwaje?"

"Jela, halafu kafili aliyenileta kazini anirudishe nyumbani mikono mitupu. Nina watoto watatu shule, bosi. Mimi ndiye baba, mimi ndiye mama."

Badr aliomba picha ya kitu kilichopotea. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akamwonyesha Nekesa.

"Hiki nini?"

"Si ni ile ya kuwekea Kurani? Wameandika hapo chini."

"Kwenu mnapikia nazi?"

Nekesa alidhani anachezewa. "Sisi ni ugali na mboga, bosi. Nazi ni mambo ya watu wa Coast."

Badr akaitia picha mfukoni. Alitaka afunguliwe palepale, lakini mkurugenzi alikwisha kuwapigia simu watu wa juu, na neno la juu halina rufaa. Nekesa akapelekwa mahabusu.

Mlinzi wa mlangoni aliitwa Zephania, Mkisii mwenye kifua kipana.

"Nani walitoka wakati wa adhana?"

"Wageni wote, Inspekta. Lilikuwa kundi la makarani kutoka Bandari ya Jeddah. Kampuni yao imewaleta kutembezwa, waone urithi."

"Uliwapekua?"

"Mifuko yote."

"Hakuna aliyetoka na kitu mkononi?"

Zephania alijikuna shingo. "Mmoja alikuwa na ile... ya Kurani. Ameikunja, ameiweka kwapani, anaenda msikitini."

"Hukumsimamisha?"

"Mimi ni Msabato, Inspekta. Mtu anaenda kuswali na kitu cha dini yake, nimshike mimi? Si nitaambiwa nimetukana dini? Saa hii ningekuwa kwa ndege."

Badr akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile. Akamgeukia mkurugenzi.

"Hii rehali mliipata wapi?"

"Zawadi. Familia moja ya Jeddah, mtaa wa Aziziya. Ilikuwa ya bibi yao."

"Ilikuja hivihivi?"

"Ilikuwa na chuma cha kutu kwa mbele. Fundi wetu akaking'oa."

Asubuhi Badr alipanda ndege ya kwanza kwenda Jeddah.

Huko Aziziya, madam wa nyumba alimpokea kwa kahawa na tende.

"Mama mkwe, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiisomea," alisema.

"Na hapa nani alikuwa akipika wali wa nazi?"

Kikombe cha madam kikasita hewani. "Tulikuwa na mpishi Mkenya. Mwatime. Wageni waliupenda sana wali wake."

"Yuko wapi?"

"Alikufa. Tumbo. Ilikuwa Idi, nyumba imejaa. Alisema anaumwa, tukamwambia avumilie mpaka wageni waondoke."

"Vitu vyake?"

"Stoo. Mumewe alikuja kuviomba, tukamwambia mafi, hakuna, vimetupwa. Nani angeanza kupekua stoo? Havikuwa na thamani."

"Vilipopata thamani mkavitoa zawadi."

Madam alimsogezea sahani ya tende.

"Mumewe anafanya kazi wapi?"

"Bandarini."

Mume wa Mwatime, Hashim, karani wa makontena, mtu wa Msambweni, alikuwa mezani kwake bandarini. Badr aliitandaza leso mbele yake bila salamu.

"Ya nani hii?"

"Ya marehemu mke wangu. Hutembea nayo."

"Kwa nini uliiacha kule?"

"Ningeuweka Msahafu juu ya rafu yenye vumbi?"

"Unajua kuna mwanamke amelala mahabusu kwa ajili yako? Msafishaji. Ana watoto."

Hashim akasimama, kiti kikaanguka nyuma yake. "Sikujua. Wallahi sikujua. Twende, Inspekta. Kiko chini ya kitanda changu, tukipitie."

Jioni walikuwa Riyadh, ofisini kwa Daktari Wael. Ule ubao ulikuwa juu ya meza.

"Sema," Badr alimwambia Hashim.

"Niliichonga mwenyewe, mwaka tuliooana. Mwatime alipokuja huku aliitia sandukuni. Alisema nazi ya kopo haina adabu." Hashim alikohoa. "Alipokufa niliiomba. Nikaambiwa imetupwa. Halafu kampuni inanileta hapa kutazama urithi wa watu, naona alama ya kisu changu mguuni mwake. Na juu yake Msahafu."

"Ukafanya nini?"

"Inspekta, mke wangu alikuwa akiikalia. Hata hilo hawakulijua. Msahafu nikauinua, mbuzi nikaikunja. Adhana ilipolia nikatoka na wenzangu. Hakuna aliyeniuliza."

"Anasema nini?" Daktari Wael aliuliza kwa Kiarabu.

Badr aliukunjua ubao, akauweka sawa. "Hii si rehali, Daktari. Ni mbuzi ya kukunia nazi. Mpishi hukalia hapa, na chuma alichong'oa fundi wako hukaa hapa mbele. Nipeleke kesi mahakamani? Hakimu atauliza Msahafu uliwekwa juu ya nini, na nani aliuweka."

Mkurugenzi alijifuta jasho, na kiyoyozi kilikuwa kinavuma.

"Hakuna haja ya kesi."

"Na Nekesa?"

"Arudi kazini. Yalla, wageni wako njiani."

Ndivyo wakubwa wanavyosamehe, wakiona aibu inawageukia wao. Nekesa alitolewa, akapewa ndoo yake. Pole hakupewa.

Hashim aliikumbatia mbuzi yake kwa mikono miwili, akafika mlangoni, akageuka.

"Inspekta. Kiti umekipeleleza mpaka umekipata."

"Ndiyo, kaka."

"Mwatime alisema anaumwa, akaambiwa angoje wageni waondoke. Hiyo nani anaipeleleza?"

Badr alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa dirishani, ananyoosha joho lake. Huko nje magari ya wageni yalikuwa yameanza kuingia.