Upatu Ndani ya Injini

Chai ilikuwa ikitetemeka ndani ya glasi, na injini haikuwa imewashwa tangu jana.

Rukinah aliinyanyua glasi. Mkononi ilitulia. Alipoirudisha juu ya boksi la spana, karibu na gari, ikatetemeka tena, viduara vidogo vikikimbia kutoka ukingoni kwenda katikati.

"Mas, hebu tazama hii."

Mas ndivyo alivyomwita mume wake, Sarwoko, aliyekuwa amelala chali chini ya gari. "Treni hiyo, Dik," alijibu; ndivyo alivyozoea kumwita mkewe.

"Treni gani saa hizi?"

"Basi ni tumbo la Gimin."

Gimin, fundi mwenzake, alicheka. "Tumbo langu lina haki ya kunguruma. Tangu asubuhi nakula harufu ya petroli. Shemeji, leo hakuna hata kipande cha tempe ya kukaanga?"

Rukinah alicheka naye, akamhamishia mtoto kwenye nyonga ya pili. Lakini chai ile aliimwaga.

Gari hilo walilijenga wenyewe nyuma ya nyumba yao, hapo mjini Solo, miaka michache baada ya Waholanzi kuondoka. Fremu ilitoka kwenye lori la jeshi, bodi ilikuwa bati la ndege ya Wajapani, na injini waliing'oa kwenye sedani iliyotelekezwa. Jumapili lingeshindana mjini Semarang, kwenye uwanja wa ndege. Maisha yake yote Sarwoko alikuwa ameendesha magari ya watu. Hili lilikuwa lake.

Mwanzoni kilichokuwa kimekosekana ni beringi za injini. Maduka yote yalikuwa matupu. Ndipo Rukinah mwenyewe akakumbuka upatu mkubwa wa shaba wa marehemu baba yake, ule uliokuwa ukipigwa mwisho wa kila mzunguko wa wimbo. Ulikuwa umepasuka. Pale Solo kila mtu anajua kwamba upatu mzima una mwenyewe ndani, jini anayeishi humo, lakini uliopasuka umekufa, ni shaba tu. Hawakuuombea ruhusa. Waliuyeyusha, wakaumimina kwenye kalibu.

Siku walipoliwasha kwa mara ya kwanza, moshi wa ekzosi ulinukia asumini.

"Injini yenye manukato!" Gimin alisema. "Wapinzani watatufuata kwa nyuma wakidhani ni bibi harusi."

Sarwoko hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza. Chini ya mngurumo palikuwa na sauti nyingine, nzito, inayopanda na kushuka kama kifua cha mtu aliyelala.

Alilipeleka barabarani kulijaribu, na hakurudi hadi alasiri, akisukumwa na wakulima, kwa sababu alikuwa amepita kona ya kugeuzia akaenda moja kwa moja mpaka petroli ikaisha, na alipoulizwa alikuwa akienda wapi alitabasamu tu, kama mtu aliyeamshwa katikati ya ndoto tamu. Kuanzia hapo alikula mkono mmoja ukiwa sikioni. Ukimwita mara tatu, anaitika mara moja. Na mchana mmoja, jua likiwa kichwani, Rukinah alimkuta amekaa ndani ya gari, tangi likiwa tupu, plagi zikiwa zimefunguliwa na kupangwa juu ya gazeti, na bado sauti ile ilikuwa ikitoka ndani ya chuma, ikipita kwenye ardhi, ikipanda miguuni mwake hadi kwenye meno, na midomo ya mume wake ilikuwa ikiifuatisha bila kupumua.

Alikwenda kumwita Mbok Sinem, muuza dawa za miti shamba ambaye pia hutoa majini. Bibi huyo alinusa boneti, akarudi nyuma.

"Nani aliwaambia upatu huu umekufa?" alinong'ona.

"Ulipasuka, Mbok."

"Ulikosa sauti tu. Nyinyi mmeurudishia."

"Huo upatu utamfanya nini mume wangu?"

"Upatu ukilia, wimbo umekwisha. Akikimbia nao Jumapili, hafiki mwisho."

"Utoe, basi. Nakusihi."

"Naweza kumtoa mwenyewe wake kwenye chuma. Lakini nitamtoa aende wapi? Hana tena nyumba, mmeiyeyusha. Atakakoingia mimi sitajua."

Rukinah alimtazama Sarwoko aliyekuwa kwenye usukani, shavu limebonyea. "Mradi atoke kwenye hili gari," alisema.

Sarwoko alikataa, kisha akaomba, kisha akalia. "Dik, subiri Jumapili ipite. Siku moja tu."

"Ukipanda, mimi na mtoto hutatukuta."

Basi Jumamosi wakaishusha injini. Ubani ulifukizwa, maneno yakasomwa, na Sarwoko akazitoa beringi moja moja kutoka kwenye oili, akamkabidhi bibi, naye akazifunga kwenye kitambaa cheupe na kuzitupa mtoni. Harufu ya asumini ikakatika palepale. Gereji ilinuka petroli na jasho, na Rukinah hakuwahi kusikia harufu nzuri kama hiyo.

"Haya," Gimin alisema, akijifuta macho, "sasa tuna gari la mbio lisilokimbia. Tufugie kuku."

Sarwoko naye alitabasamu.

Jumapili, saa ambazo wengine walikuwa wakishindana Semarang, yeye alikuwa amejilaza mkekani na mtoto amelala juu ya kifua chake. Hakuonyesha huzuni yoyote. Rukinah alijinyoosha kando yake, akaweka sikio ubavuni mwake, akangoja moyo upige, na akangoja, na akaendelea kungoja, mpaka ulipopiga mara moja, kwa mlio mrefu uliozunguka mbavu zote ukapita kwenye mkeka na kwenye sakafu, halafu ukanyamaza.

"Mas," aliita.

Macho yakafumbuka, yakamtazama kwa upole mwingi.

"Mas wako hayupo, Nduk."

Nduk. Ndivyo mzee anavyomwita binti wa nyumbani kwake, na Sarwoko hakuwahi kumwita hivyo hata siku moja.

"Nimekujua tangu unatambaa chini ya upatu," sauti ikasema. "Lala."

Mkono mzito ulikuwa umemfunika mtoto mgongoni. Rukinah akalala.