Unywele Mweupe Kisogoni

Mteja aliyekaa kwenye kiti cha dirishani alisema, bila kugeuka, kwamba huyo mwingine aache kumshika kisogo, mikono yake ilikuwa baridi mno. Kijivu akasimamisha vidole. Asubuhi hiyo saluni ilikuwa na watu wawili tu, yeye na huyo mteja, karani mmoja mwenye shingo fupi aliyewahi kufika kabla ya kazi. Mikono yote miwili ya Kijivu ilikuwa mbele, juu ya paji la uso la karani, ikitafuta pa kuanzia. Akasema labda ni feni. Karani akajibu kwamba feni haina kucha.

Wakacheka wote wawili, na kazi ikaendelea. Lakini Kijivu hakuthubutu kuangalia kioo mpaka alipomaliza upande wa mbele.

Saluni ilikuwa ya dada yake. Wateja walimwita Gundi, na jina hilo hakupewa bure. Rasta alizosuka yeye, zile nywele za bandia za kuunganishia, hazikuteleza. Mtu angeoga nazo, akalala nazo, akagombana na mawifi zake nazo, na mwezi wa tatu zingekuwa pale pale kwenye mizizi kama zimeota. Wapo waliotania kwamba siku ya kufufuliwa wafu, makaburi mengine yatafunguka rasta za Gundi zikitangulia.

Za Kijivu ziliteleza. Zilichomoka siku ya pili, siku ya nne, nyingine hata kabla mteja hajavuka barabara. Mwalimu mmoja yake ilidondoka akiandika ubaoni, wanafunzi wakaiokota na kumrudishia kwa adabu zote. Mwalimu aliileta saluni ndani ya bahasha. Kijivu alikuwa na miaka thelathini, kiwanda cha nguo alichokuwa akishona kilikuwa kimefungwa, na huu ulikuwa mwezi wa nane anajifunza.

Dada mtu hakuwa mchoyo wa maelekezo. Osha rasta kwa siki iondoke ute wa kiwandani. Usipake mafuta kwenye mizizi, mafuta ni ya mwisho. Gawa nywele mafungu matatu, pachika rasta katikati, ibane kwa ukucha, pishanisha mara mbili ndipo uvute. Kijivu alifanya hivyo hivyo, neno kwa neno, na ziliteleza. Kila alipotaka kusimama karibu aone Gundi anavyoshika msuko wa kwanza, ule wa kisogoni, Gundi alimtuma maji ya moto ya kuchovyea ncha. Kijivu alikwenda, akachemsha, akarudi, na kuukuta msuko wa kwanza umekwisha.

Hakuwahi kumfikiria vibaya. Angemfikiriaje? Mama yao alifariki Kijivu akiwa na miaka minane, na dada yake, mwenye ishirini, ndiye aliyemlea. Kila Ijumaa tangu wakati ule alimkalisha chini katikati ya magoti yake na kumchana. Kijivu alizaliwa na kishungi cheupe nyuma ya sikio la kushoto, ndiyo sababu ya jina lake, na dada yake alikichana hicho kwa uangalifu kuliko nywele nyingine zote. Zilizong'oka alizifunga kwenye leso. Alisema nywele za mtu si za kutupwa ovyo. Kijivu, mtu mzima na miaka yake, bado aliingojea Ijumaa kwa hamu, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine duniani aliyemgusa kichwa kwa upendo.

Baada ya siku ya karani, mambo madogo madogo yakaanza kujipanga. Saluni ilipokuwa kimya, kwenye kabati la rasta palisikika mkwaruzo mkavu, ule wa vidole vinavyosokota nyuzi haraka haraka, nao ulikoma mtu akigusa mlango wa kabati. Palikuwa na harufu pia, ya nywele mbichi zilizofungiwa mahali pasipopata hewa, hata siku ambayo hakuna aliyeoshwa. Kisha asubuhi moja Kijivu alikuta kichwa cha plastiki alichofanyia mazoezi kimesukwa chote, msuko kwa msuko, kila mmoja umekaza na kunyooka. Alifurahi. Alidhani dada yake amebaki jana kumwandalia mfano. Gundi alipoingia na kukiona, mkoba ulimponyoka mkononi, akakichukua kile kichwa na kukitia stoo bila kusema neno.

Siku tatu baadaye ikamfika mwenyewe. Alikuwa anaosha vikombe, mawazo yako mbali, akahisi vidole vyake vinapata baridi kuanzia kwenye kucha, na alipotazama chini aliona kwamba mkono wa kulia umeacha kikombe na kuchukua kitambaa cha kufutia vyombo, na wa kushoto umeshagawa nyuzi za pindo lake mafungu matatu, na yote miwili inasuka, upesi, kwa ustadi ambao hakuwa nao, na alipoiamuru isimame haikusimama, ikaendelea mpaka pindo lilipokwisha, ikalibana kwa ukucha, ndipo ikamrudia.

Hakumwambia mtu. Angeanzia wapi?

Jibu lilitoka kwenye kazi ambayo hakuna aliyeipenda, kufumua. Karani alirudi miezi miwili ikiwa imepita. Safari ile Kijivu alikuwa amemsuka mbele tu, na Gundi alipoingia ndiye aliyemalizia nyuma. Gundi alikuwa ametoka. Kijivu akafumua kuanzia mbele hadi kisogoni, na alipofungua msuko wa nyuma kabisa, kwenye mzizi, aliona unywele mmoja mweupe umezungushwa mara saba na kufungwa fundo. Karani nywele zake zilikuwa nyeusi tii. Kijivu akaunyoosha unywele ule kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa na mawimbi mapana, mnene kuliko wa kawaida. Aliujua. Ulikuwa wa kishungi chake mwenyewe.

Wiki hiyo alifumua vichwa tisa vya Gundi. Vyote tisa vilikuwa nao. Usiku akajipapasa nyuma ya sikio, pale ambapo siku hizi aliona uvivu hata kupachana, akakuta ngozi tupu yenye upana wa kidole gumba, na pembeni nywele chache zilizosalia.

Alingoja Ijumaa. Dada yake alipoketi na kutandaza leso magotini, Kijivu hakukaa chini. Aliweka mbele yake nywele tisa, zilizopangwa juu ya karatasi.

Gundi alizitazama. Akainuka, akafunga mlango, akarudi. Walinong'ona, ingawa nyumba ilikuwa yao.

"Sijui kusuka," alisema. "Sikuwahi kujua."

Akaeleza huku akiikunja leso na kuikunjua. Mama alipofariki alienda kujifunza kwa msusi mmoja mtu mzima, na kila rasta aliyoshika iliteleza, kila moja, mwaka mzima. Walikuwa wanalala na njaa. Yule msusi, alipotaka kuacha kazi, alimwambia yupo jini anayeshika mizizi, anayependa vichwa, na anaweza kurithiwa. Atamshikia kila rasta. Lakini lazima apewe kichwa kimoja kiwe chake, na kila anaposhika atiliwe unywele wa kichwa hicho, mpaka siku atakapotosheka na kukidai chote, pamoja na mikono ya mwenye kichwa.

"Ukampa changu," Kijivu akasema.

"Ulikuwa umelala."

"Kwa nini si chako?"

Gundi aliilaza leso magotini. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayeeleza jambo lililo wazi, "Changu nilikihitaji kwa kazi. Ili ule."

Kumbe hata kile kichwa cha plastiki dada yake alikielewa na kunyamaza. Kumbe zile Ijumaa zote, miaka ishirini na miwili, yale magoti yaliyombana mabegani, mkono uliompapasa taratibu, vilikuwa mavuno. Alilia bila sauti. Na dada yake alilia pia, hilo lazima lisemwe, na ndiye aliyesema kesho waende kwa mganga.

Mganga alikuwa mama mmoja mnene aliyekaa ghorofa ya tatu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na aliwasikiliza huku akimenya viazi. Alimshika Kijivu mikono, akaigeuza, akanusa ncha za vidole. Akasema jini ni mpangaji. Hatoki kwa kubembelezwa wala kutishwa, anatoka aliyempangisha akivunja mkataba kwa mdomo wake. Gundi alete kila unywele uliobaki, wote, uchomwe hapo, naye aseme kwamba anamrudisha mdogo wake.

"Mikono yangu je?" Gundi akauliza. "Itakuwaje?"

"Itakuwa yako. Kama ulivyozaliwa nayo."

Gundi akaitazama mikono yake juu ya mapaja.

"Na usibakize," mganga akasema. "Ukibakiza hata mmoja umeusaini mkataba upya, na atadai deni lake lote kwa mpigo. Akitoka kweli hamtahitaji kuja kuniuliza. Kila alichokishika kitaachia. Mtaona wenyewe barabarani."

Jioni ile ile Gundi alileta leso. Ndani yake mlikuwa na kibunda cheupe kikubwa kama kiazi. Mganga akafunga madirisha, akakitia kwenye chungu cha makaa, na moshi ulipopanda ile harufu ya nywele mbichi ilijaa chumbani, ikawa nzito, na kutoka ndani ya kuta ule mkwaruzo mkavu ukasikika, si wa vidole viwili wala kumi bali vingi, vinasokota, vinavuta, vinakaribia, na Kijivu akahisi ngozi ya kichwa chake inavutwa nyuma kwa nguvu mpaka kidevu kikainuka na macho yakatazama dari, na mikono yake ikanyanyuka yenyewe, ikaanza kusuka hewa, na katikati ya yote hayo akaisikia sauti ya dada yake, nyembamba, inatetemeka, ikisema, "Namrudisha mdogo wangu. Huyu ni wangu, si wako. Namrudisha."

Kimya. Mikono ikamwangukia magotini. Ilikuwa na joto.

Walirudi nyumbani wameshikana. Kijivu alilala fofofo, na kabla ya usingizi kumchukua alikuwa ameanza kumsamehe. Si kusamehe kote, ila ule mwanzo wake.

Asubuhi aliketi barazani kuangalia. Aliwaza itakuwa balaa, wanawake wa mji mzima rasta zinawadondoka sokoni, ofisini, kwenye foleni ya benki, na alikuwa tayari kwenda kuwasuka upya mmoja mmoja mpaka ajue. Akapita muuza maziwa, rasta zake zimefungwa juu. Wakapita mabinti wawili wa shule ya ushonaji. Akapita karani mwenye shingo fupi, amesukwa na Gundi wiki ile ile, akasimama kumsalimu. Kijivu akamwomba radhi, akaushika msuko wake wa kisogoni na kuuvuta. Karani akasema aah, unaniumiza. Msuko haukusogea.

Alikwenda saluni kwa miguu mizito. Mlango ulikuwa wazi. Gundi alikuwa amemwinamia mteja, anasuka kisogo, na safari hii hakumtuma mtu maji.

"Dada, ulibakiza."

Gundi hakugeuka. Mteja alikuwa anasinzia, na Gundi akazungumza polepole asimwamshe.

"Nilikesha hapa nikijaribu, kwenye kile kichwa cha plastiki," alisema. "Nilibakiza nywele zako kidogo tu, kwanza nione. Rasta ziliteleza zote, Kijivu. Zote. Nina miaka arobaini na miwili. Nitaanza kujifunza nini sasa, na nani atanifundisha?"

Kijivu alitaka kumjibu. Alitaka kumwambia kwamba angemfundisha yeye, wangejifunza pamoja, wangeteleza pamoja na kuchekwa pamoja, kwamba yeye alishaanza kuhisi vidole vyake vikielewa. Alitaka kugeuka aondoke mji ule siku hiyo hiyo. Lakini baridi ilikuwa imeshapita kwenye kucha, imepita viwiko, inapanda shingoni kuelekea utosini, na miguu yake ikatembea mpaka kwenye kiti cha pili ambapo mteja mwingine alikuwa akingoja, na mikono yake ikajinawisha, ikajifuta, ikachukua kitana, ikapasua mstari ulionyooka, ikagawa mafungu matatu, ikapachika, ikabana, ikapishanisha, huku yeye, ndani kabisa, mahali padogo palipobaki kuwa pake, akiita dada, dada, dada, na mdomo wake ukiwa umefungwa na kutabasamu kwa mteja.

Gundi akaja kuangalia. Akaushika ule msuko kwa vidole viwili, akauvuta mara moja, akauvuta tena. Haukuteleza.

"Umeshajua kusuka, mdogo wangu," akasema, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa leso na kwenda kumkaribisha aliyefuata.