Kopo Lililooshwa kwa Sabuni

Kila asubuhi kabla ya shule, binti alifagia ua, akachota maji, akaosha vyombo. Siku hizi mikono ilifanya kazi yenyewe, kama ya mtu mwingine. Mdogo wake, waliyemwita Kidoti, alikuwa na homa isiyosikia dawa, na kila akikojoa alilia. Binti hakulia tena. Moyo ulishakufa ganzi.

Nesi wa zahanati alikuwa amewapa kopo dogo lenye mfuniko, wapeleke mkojo wa asubuhi. Kopo lilikuwa jipya, lakini nyumbani kwao chombo hakitumiwi kabla ya kuoshwa, hata kiwe kimetoka dukani leo. Binti alilisugua kwa sabuni, akalisuuza kwa maji ya ndoo, akalifuta kwa kitambaa cha jikoni.

Mkojo ulipelekwa zahanati ndani ya kopo hilo. Walipofuata majibu, Kidoti alijilaza mapajani mwa mama, midomo imemkauka. Nesi alitoka maabara uso ameukunja.

"Mama, majibu hayaeleweki. Vijidudu vimejaa vya kila aina, kama watu sokoni. Tutamjuaje anayemuumiza mtoto? Ulimwosha kwanza?"

"Nilimwosha, dada. Na mkojo wa mwanzo nikauacha upite, kama ulivyosema."

"Basi mliliacha kopo wazi. Mnatuchezea, halafu dawa isipofanya kazi, lawama kwetu!"

Mama aliinamisha kichwa. Binti aliwatazama kana kwamba yuko nyuma ya kioo. Angenyamaza, yangepita. Lakini mama alikuwa anabebeshwa mzigo usio wake, na Kidoti angepewa dawa ya kubahatisha.

"Nililiosha mimi," alisema kwa sauti kavu.

"Uliosha nini?"

"Kopo. Kwa sabuni, na maji ya ndoo."

Mama alijishika shavu. "Jamani mwanangu! Na mimi nakusifu mtaa mzima kwa usafi!"

Nesi alitaka kucheka, akajizuia. Akachuchumaa mbele ya binti.

"Kopo lile lilikuja halina kijidudu hata kimoja. Ulipolifungua, maji, kitambaa na vidole vyako vikaingiza vijidudu vya nje. Lakini nami nimekosa. Nilitoa kopo, sikutoa maelezo. Mama, nisamehe kwa maneno yangu."

Akaleta kopo jingine, akalifungua pale tu Kidoti alipokuwa tayari, bila kugusa ndani. Likapelekwa maabara papo hapo.

Safari hii kijidudu kilionekana kimoja, dawa yake ikajulikana, na Kidoti akapewa. Homa ilishuka. Kidoti akaamka, akampokonya dada yake mto na kumwita mchoyo. Binti akahisi kitu kikilegea kifuani, kidogo tu.

Waliporudi kuonyesha maendeleo, nesi alimshika bega.

"Usingesema, tungekuwa tunatibu maji ya ndoo. Kazi usiyoijua, uliza kabla hujaianza. Na ukikosea, sema mapema, hata kama ulikosea kwa nia njema. Maabara husoma kile tunachoipelekea tu."

"Nimesikia, nesi," alisema binti, na safari hii sauti ilikuwa yake.